Mfumo ni mzima, lakini daftari halitoki mezani

Swali la msomaji: "Mimi ni katibu wa hospitali ya shirika la dini yenye vitanda karibu mia moja. Mwaka jana tulifunga mfumo wa taarifa unaounganisha mapokezi, madaktari, maabara, famasi na dirisha la malipo. Huu ni mwezi wa tisa. Famasi bado wanaandika kwenye daftari lao, maabara wanapeleka majibu kwa karatasi, na ripoti ya mwezi mhasibu anaitengeneza kwenye Excel. Mkandarasi anasema mfumo ni mzima. Wajumbe wa bodi wanasema wafanyakazi ni wavivu wa kubadilika, na wanataka watakaoendelea na madaftari wapewe barua. Tatizo liko wapi hasa, na mimi niiambie nini bodi?"

Ndugu Katibu,

Kwanza, hizo barua zisitoke. Zikitoka, madaftari hayatakufa, yatahamia kwenye droo, na utakuwa umepoteza kitu kinachoweza kukuonyesha ugonjwa ulipo. Inawezekana kabisa mkandarasi anasema kweli: skrini zinafunguka, risiti zinatoka, seva haijazima. Inawezekana vilevile wafanyakazi wana sababu nzuri. Mambo hayo mawili hukaa pamoja mara nyingi kuliko bodi zinavyodhani.

Nikitazama mifumo iliyostawi na ile iliyozikwa, naona tofauti kubwa iko hapa: taarifa anayoiingiza mfanyakazi, je, inamrudia ikiwa imemsaidia kazi yake? Nesi akitakiwa kuandika ili mtu wa ofisini apate ripoti, na yeye haambulii chochote isipokuwa foleni kurefuka, ataandika nusunusu. Baadaye atajaza mwisho wa wiki kwa kukisia. Mwishowe ataacha, na hakuna mafunzo wala vitisho vitakavyomrudisha. Lakini nesi huyohuyo akifungua skrini na kuona dawa alizopewa mgonjwa mara ya mwisho, bila kwenda kupekua mafaili masjala, utamkuta anaugombea mfumo ukichelewa kufunguka.

Kwa hiyo anzia famasi, na anza na daftari lenyewe. Kaa pale asubuhi nzima. Usimwulize mfamasia kwa nini hatumii mfumo, maana atajitetea. Mwombe akusomee mistari ya wiki iliyopita mmoja baada ya mwingine, na kwa kila mstari mwulize ungeingizwaje kwenye kompyuta. Mtakutana na mambo ya namna hii. Usiku wa manane wodi ya wazazi ilichukua dripu na oksitosini kwa mama aliyekuwa anavuja damu, na mfumo hauruhusu dawa kutoka kabla malipo hayajathibitishwa. Mgonjwa wa kisukari alikuwa na fedha ya nusu ya dawa alizoandikiwa, akapewa nusu, na mfumo unajua zote au hakuna. Chupa tatu zilivunjika wakati wa kupanga stoo. Dawa moja ilikwisha, ikatolewa ya kiwanda kingine yenye kipimo kilekile, lakini kwenye orodha ya mfumo haimo. Mtoto wa chini ya miaka mitano alistahili msamaha, mapokezi wakamsajili kama mgonjwa wa kulipia, na mwenye uwezo wa kusahihisha alikuwa ameondoka saa tisa na nusu.

Kila mstari wa aina hiyo ni kazi halali iliyokosa mahali pa kuandikwa. Waliobuni mfumo wenu walichora njia moja: mgonjwa anasajiliwa, anaonwa na daktari, analipa, anapewa dawa. Hospitali yenu ina njia hiyo na nyingine kadhaa za pembeni, na hizo za pembeni ndizo zinazookoa watu usiku. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mfamasia ndiye anayekilalia, na daftari lake ni orodha kamili ya kunguni, imeandikwa bure, kwa tarehe. Mshauri mwelekezi angewatoza fedha nyingi kuiandaa.

Kuhusu kauli ya kwamba mfumo ni mzima, wasimulie wajumbe wa bodi kisa cha huduma ya magari ya wagonjwa ya London. Tarehe 26 Oktoba 1992 waliachana na karatasi, wakawasha mfumo wa kompyuta uliotakiwa kupokea wito wa dharura, kujua kila gari lilipo, na kuchagua gari la kutuma, katika jiji la watu karibu milioni 7. Ili uchague vizuri, mfumo ulihitaji kujua kwa usahihi karibu kamili gari lipi liko huru na lipi lina mgonjwa. Taarifa hiyo ilitoka kwa wahudumu wenyewe, waliopaswa kubonyeza vitufe garini kwa mpangilio maalumu. Wengine walichelewa kubonyeza, wengine walibonyeza kisicho, kwingine mawimbi ya redio hayakushika. Kompyuta ikaanza kuamini kuwa magari yaliyo huru yana kazi, na yenye kazi yako huru. Ikatuma magari mawili kwa mgonjwa mmoja na kumwacha mwingine akisubiri. Kila kasoro ilizaa ujumbe wa tahadhari, na tahadhari zikajaa skrini hadi zile za mwanzo zikasukumwa juu zisionekane tena. Waliosubiri wakapiga simu upya, foleni ikazidi. Kesho yake mchana wakarudi nusu kwenye utaratibu wa mkono, na muda mfupi baadaye mkurugenzi mtendaji akajiuzulu. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Novemba mfumo uliganda kabisa, kwa sababu kipande kidogo cha programu kilichosahauliwa ndani yake kilikuwa kinakula kumbukumbu ya seva kidogokidogo.

Ripoti ya uchunguzi ilitoka Februari 1993. Ilisema kwamba katika zile siku mbili za Oktoba kompyuta yenyewe haikuharibika kiufundi. Kwa sehemu kubwa ilifanya kile ilichobuniwa kufanya. Ubunifu ndio uliokuwa na kasoro za kuua. Hebu rudia sentensi hiyo mbele ya mkandarasi wako. Mfumo wa London nao ulikuwa "mzima".

Ripoti ilieleza pia walivyofika pale, na humo ndimo ninapoona taasisi zetu nyingi. Zabuni ilichukuliwa na waliotaja bei ya chini sana, wakiwa na kampuni ndogo ya programu isiyo na uzoefu wa kutuma magari ya dharura. Uongozi ulishikilia ratiba iliyobana kupita kiasi. Mafunzo yalitolewa mapema mno, hadi siku ya kuanza mengi yalikuwa yameshasahaulika, na wahudumu wa magari walifundishwa mbali na wale wa chumba cha simu ambao wangetegemeana nao kila dakika. Juu ya yote, uongozi na wafanyakazi hawakuaminiana tangu kabla ya kompyuta kuja. Mfumo haukuleta hali hiyo ya kutoaminiana. Uliikuta, na ukasimama juu yake.

London haikuishia pale, na sehemu hii husimuliwa mara chache. Walirudi kwenye karatasi, wakatengeneza kwanza magari, zamu na mahusiano kazini. Kisha mfumo mpya ukajengwa na watu wa ndani, hatua kwa hatua, wahudumu wa chumba cha simu wakijaribu kila kipande kabla ya kinachofuata. Ulianza kazi 1996, na mwaka uliofuata ukapewa tuzo na chama cha wataalamu wa kompyuta cha Uingereza. Jiji lilelile, kazi ileile, na wengi wa watu walewale.

Sasa maabara. Hapa nakuomba uwe makini, kwa sababu sababu ya karatasi inaweza isiwe ya kiufundi hata kidogo. Mwaka 1983 mtafiti wa Marekani, Lynne Markus, alichapisha uchunguzi kuhusu kampuni moja kubwa ambako wahasibu wa matawi walipinga kwa miaka mfumo mpya wa fedha na kuendelea na vitabu vyao. Wakubwa walidhani ni ugumu wa kujifunza. Ukweli ni kwamba mfumo uliwapa wahasibu wa makao makuu uwezo wa kuingia na kuzitazama hesabu za matawi moja kwa moja, wakati zamani walilazimika kusubiri kile ambacho matawi yenyewe yameamua kukitoa. Waliopinga walielewa mfumo vizuri sana, kuliko hata waliokuwa wanawahubiria faida zake. Mamlaka yalikuwa yanahama, na hakuna aliyekaa nao kuzungumza juu ya hilo.

Mfumo wenu unaandika saa ambayo sampuli ilipokelewa na saa ambayo majibu yalitoka. Je, kuna aliyemhakikishia mkuu wa maabara kwamba saa hizo zitatumika kuomba mtu wa ziada wa zamu ya usiku, na hazitatumika kumnyooshea kidole kwenye kikao cha asubuhi? Kama hakuna, karatasi itaendelea, na mimi nisingemlaumu.

Kuna hofu nzito zaidi ya hiyo. Kuanzia 1999 ofisi za posta za Uingereza zilifungiwa mfumo wa hesabu uitwao Horizon. Mfumo ulipoonyesha fedha zimepungua, wasimamizi wa ofisi ndogo za posta walidaiwa walipe, na wengi walishtakiwa. Waliosema hawajachukua hata senti hawakusikilizwa, kwa kuwa kompyuta ilishasema. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Wapo waliofungwa, waliofilisika, na waliokufa kabla ya kusafishwa majina yao. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu zilizoweza kuzaa upungufu ambao haukuwapo, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mkupuo.

Kwa nini nalileta suala la posta ya Uingereza kwenye famasi yenu? Kwa sababu siku mfumo utakaposema kuna upungufu wa dawa za laki nane, mtu wa kwanza kuulizwa ni mfamasia. Daftari lake huenda ndilo utetezi pekee alionao, naye anajua hivyo. Kama hapo hospitalini kuna mtu aliyewahi kukatwa mshahara kwa takwimu ya mfumo, umeshapata jibu lako la famasi. Iombeni bodi ipitishe kwa maandishi kwamba hakuna atakayekatwa wala kuadhibiwa kwa tarakimu ya mfumo peke yake, mpaka stoo ihesabiwe kwa mkono mbele yake na kumbukumbu za nani aliingiza nini zifunguliwe. Natamani kila hospitali iwe na kanuni hiyo. Inalinda watu, na wakishalindwa wataingiza ukweli.

Halafu hesabu kazi mnayomtwika mtu mmoja. Nesi wa kliniki ya wajawazito anaandika kadi ya mama. Anaandika kitabu cha MTUHA, ule mfumo wa serikali wa kukusanya takwimu za afya. Mgonjwa akiwa wa bima kuna fomu ya madai. Kama kuna mradi wa mfadhili, kuna rejista ya mradi. Mkamwongezea na kompyuta, bila kumwondolea hata kimoja. Kisha bodi inashangaa.

MTUHA tunaifahamu tangu miaka ya 1990, na kwa muda mrefu ilikuwa mfano mzuri wa taarifa zinazopanda bila kushuka. Kituo kilijumlisha mistari mwisho wa mwezi, kikapeleka wilayani, wilaya ikapeleka mkoani, na kituo hakikusikia neno tena isipokuwa kimechelewa. Ujio wa DHIS2, mfumo uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo kutokana na kazi iliyoanzia Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi, ulibadilisha njia ya kusafirisha takwimu. Kenya iliutandaza nchi nzima mtandaoni mwaka 2011, na Tanzania Bara ikafuata kufikia 2013. Lakini kusafirisha takwimu haraka hakuzifanyi ziwe za kweli.

Kilichonifundisha zaidi ni Zanzibar. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, timu za wilaya za Unguja na Pemba zilikutana kila robo mwaka, kila wilaya ikisimama na takwimu zake yenyewe mbele ya wenzao. Fikiria unaonyesha chanjo imefikia asilimia 130 ya watoto wa wilaya yako. Huhitaji mkaguzi kutoka wizarani. Mwenzako wa wilaya jirani anakuuliza hao watoto wengine wametoka wapi, na kesho yake unakwenda kituoni kukagua rejista. Kwa vikao hivyo makosa yalianza kuonekana, fomu zikapunguzwa na kurahisishwa kwa kuwa watu waligundua wanakusanya vitu wasivyovitumia, na waliokuwa wanajaza kwa wajibu wakaanza kuzitumia wenyewe. Kilicholeta hali hiyo si programu peke yake. Walikaa pamoja wakazitazama namba zao.

Fanya hivyo kwa ngazi ya hospitali. Saa moja kila mwezi. Famasi, maabara, wodi na mapokezi, kila idara na ukurasa mmoja uliotoka kwenye mfumo, na idara yenyewe ndiyo inayoueleza. Mganga mfawidhi awepo, na asikemee. Na mtakwimu wenu akae na mkandarasi, mfumo uweze kutoa jumla za mwezi kwa mpangilio wa MTUHA. Vitabu vyenyewe msiviache kwa uamuzi wenu, hivyo ni vya serikali na utaratibu wake uko halmashauri. Ila nesi akiacha kujumlisha kwa vidole kila mwisho wa mwezi, mmemrudishia siku nzima ya kazi. Atakuwa wa kwanza kuutetea mfumo.

Nakuja kwa mhasibu, na hapa nasema wazi kwamba nadhani kosa liko juu zaidi ya mhasibu. Ripoti ya Excel inaendelea kwa sababu kuna mkubwa anayeipokea. Siku mganga mfawidhi au mweka hazina wa dayosisi anapokubali jedwali lisilotoka kwenye mfumo, hospitali nzima inaelewa kuwa mfumo ni wa watu wa chini. Lakini kabla hamjalikataa jedwali hilo, mwombe mhasibu akuonyeshe anachokiongeza kwa mkono. Pengine ni ruzuku ya serikali, pengine posho za zamu, pengine madai ya bima yaliyokataliwa ambayo mfumo unayahesabu kama mapato tangu siku mgonjwa alipotibiwa. Hilo la mwisho likiwa ndilo, basi Excel yake ndiyo inayosema kweli na mfumo unawadanganya, na bodi yenu imekuwa ikinusurika kwa sababu ya "ukaidi" wa mtu mmoja.

Utaulizwa: mbona kuna mifumo inayoshika bila vikao vyote hivi? Ipo. Angalia malipo ya serikali Tanzania kupitia GePG, mfumo wa kielektroniki wa kulipia huduma za serikali, yaliyoanza 2017. Mwananchi hawezi kulipia huduma bila ile namba tunayoiita kontroo namba, na afisa hawezi kupokea fedha mkononi akaandika baadaye. Namba imewekwa katikati ya njia ya kazi, na kila upande unaihitaji: mlipaji ana ushahidi, taasisi inaona fedha imeingia, Hazina inaona zote. Hicho ni kigezo kizuri cha kuamua kipi kiwe cha lazima. Lakini malipo ni tendo jepesi, lina mlipaji, kiasi na namba. Mama anayevuja damu saa nane usiku hana urahisi huo. Mkiweka kizuizi cha lazima pale ambapo kazi ina njia kumi, watu watakipita kizuizi kwa uongo, na uongo ulioingizwa kwenye kompyuta ni mgumu kuusaka kuliko ulioandikwa kwa kalamu.

Mambo ya vifaa nayapitia haraka, kwa kuwa mnayajua: umeme, betri za akiba, mtandao unaosumbua, kompyuta mbili kwa madaktari watano. Yanaudhi na yanagharimu, ila yanaonekana, na kinachoonekana hupangiwa bajeti. Jambo moja tu nisisitize. Chapisheni fomu za karatasi za saa ambazo mfumo haupatikani, zifanane na skrini mstari kwa mstari, na mpange nani anaziingiza umeme ukirudi na kabla ya saa ngapi. Bila hivyo, kila kukatika kwa umeme kunazaa daftari jipya. Na zile nywila zinazotumiwa na zamu nzima zikome, kwa ajili ya haki ya mfamasia niliyoieleza na kwa ajili ya wagonjwa pia. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za afya si za kuachwa wazi kwenye skrini ya mapokezi.

Bodi iambie hivi. Mlinunua programu, na bajeti ikaishia siku ya mafunzo. Kazi ya kuilinganisha na hospitali haijafanywa, na inahitaji fedha, muda na mtu mmoja wa ndani mwenye mamlaka ya kuamua, ambaye anaijua kazi ya wodi. Mtu wa TEHAMA awe msaidizi wake. Waombe miezi mitatu kwa famasi peke yake. Mpeleke mkandarasi akae pale zamu mbili, moja ikiwa ya usiku, na orodha ya kunguni mkononi. Marekebisho yakikamilika, daftari na mfumo viende sambamba kwa wiki kadhaa, muwe mnalinganisha kila Ijumaa. Tarehe ya kulifunga daftari aipendekeze mfamasia mwenyewe na aisaini yeye. Maabara ifuate baada ya hapo, mhasibu awe wa mwisho, kwa kuwa hesabu zake zinakula kutoka kwa wote.

Kabla ya hayo yote, leo hii, fungua mkataba. Tafuta vifungu viwili: nani analipia mabadiliko baada ya kufungwa kwa mfumo, na taarifa za wagonjwa ni mali ya nani mkiachana na mkandarasi. Kama kifungu cha pili hakimo, au kinasema kitu chenye utata, mwite mwanasheria wa shirika kabla hujamwita mkandarasi. Kisha dai nakala kamili ya data zenu, na mwombe mtu mwingine asiye wa kampuni hiyo ajaribu kuifungua kwenye kompyuta nyingine.